Mlima Kenya kwa siku moja, tukitokea Malindi

MwanaShela: Wadau, salaam. Tuko wanne hapa Malindi, kilele hatukitaki. Twataka tutembee siku moja tu, tufike kwenye nyasi za juu penye lobelia, ile mimea mikubwa ya mlimani, tuuone mlima, turudi. Tupitie geti gani? Na tukishuka basi la usiku Nairobi, twaweza kuunganisha na kupanda siku hiyo hiyo?

Mteremko: Sirimon, ndugu yangu. Upande ule ni mkavu kuliko Chogoria, na njia ni barabara ya gari hadi kambi ya Old Moses: kutoka mita 2650 hadi 3300, kama kilomita 9, saa tatu au nne za kupanda.

Kuunganisha siku hiyo hiyo, hapana. Mwili uliotoka usawa wa bahari haujazoea hewa nyepesi. Laleni Nanyuki, ikiwezekana siku mbili. Ada lipeni mapema kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, getini hawapokei pesa taslimu. Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana adhuhuri mara nyingi mawingu huwa yashafunika Batian, kilele kirefu kuliko vyote. Ikifika saa nane, popote mlipo, geukeni.

Kichwa kikimuuma mtu kidogo, apumzike, anywe maji. Akitapika au akianza kuyumba, mteremsheni papo hapo. Msimpe dawa ya maumivu ili aendelee kupanda. Yaficha dalili tu.

Mwanamtama: Mavazi ndiyo huwaponza watu wa pwani. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki kule, na upepo ukivuma utatetemeka. Ndani vaa polyesta, juu sweta ya sufu, koti la mvua lisikose begini hata kukiwa kweupe. Mafuta ya jua pia: kwa ile baridi hutahisi unavyoungua.

Nyasi Ndefu: Mkiwa na nguvu msikomee Old Moses. Pandeni kama saa moja zaidi, hadi mashungi ya nyasi yatande pande zote. Hapo ndipo penyewe! Lakini msiache njia, hata ikiwa na maji. Kati ya shungi na shungi kuna tope lililofichika, mguu hutumbukia na kifundo kikateguka. Lobelia nazo msizichokoe kwa fimbo: hukinga maji katikati ya majani, usiku yakaganda juu, na chini chipukizi likasalimika.

Msitafute kreta, lile shimo la juu ya volkano. Vile vilele ni mwamba ulioganda kooni mwa volkano. Mlima uliouzunguka ulishamomonyoka.