Nimenunua ambulensi kuukuu mnadani, nataka niigeuze nyumba ya safari. Naombeni ushauri

MwalimuChaki
Wakuu, salaam. Mwezi uliopita nilishinda mnada wa magari chakavu, nikaondoka na Land Cruiser hardtop, ile ndefu ya HZJ78, iliyokuwa ya wagonjwa. Injini ni 1HZ, dizeli, silinda sita, haina kompyuta ya kunisumbua. Inawaka mara moja. Kutu ipo chini ya milango ya nyuma tu.

Ninachotaka: mimi na mama watoto tutoke Morogoro, tupite Ruaha, tupande Kitulo, tukae siku nne tano bila kutafuta soketi wala gesti. Ndani nimekuta machela na reli zake, kabati la dawa, kishikizo cha mtungi wa oksijeni, na nyaya ambazo sijui zinaelekea wapi. Sola kiasi gani? Betri ipi? Nianze na nini? Bajeti ni ya mwalimu, msinitajie mambo ya Wazungu wa YouTube.

Halafu kuna hili, nalisema kwa aibu kidogo. Mama watoto amechungulia ndani akasema hawezi kulala mahali watu walipokata roho.

Kipusa_wa_Keko
😂😂 Shemeji yuko sahihi. Mimi hata ningepewa bure.

UmemeJua
Mkuu, usianze na paneli, anza na kalamu. Friji dogo la volti 12 linakula kama wati 45 likiwa linanguruma, na kwa joto letu litanguruma nusu ya siku: wati-saa 540. Feni ya wati 15 usiku kucha, 120. Taa, simu na kompyuta mpakato, weka 200. Jumla 860 kwa siku.

Paneli za wati 300 zikilala bapa juu ya paa, kwa saa tano za jua zuri, ukitoa joto, vumbi na upotevu, zinakupa kama 1,000. Inatosha, na kiporo kidogo kinabaki. Betri ya lithiamu ya Ah 100 (ampea-saa) ina wati-saa 1,280, karibu zote unazitumia. Jagi la umeme na pasi sahau, vitu vya wati 2,000 vitakumalizia betri kabla chai haijakolea. Tumia gesi.

Mzee Gerezani
Lithiamu ni ghali kwa mwalimu. Achukue betri mbili za kawaida za Ah 100, maisha yaende.

UmemeJua
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubali. Betri ya kawaida, yaani ya madini ya risasi, ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua. Kwa hiyo hizo mbili zinampa Ah 100 tu za kutumia, na uzito unakaribia kilo 60. Ya lithiamu ni kama kilo 12. Ila asiiunge moja kwa moja kwenye oltaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka: inavuta umeme mwingi kwa pupa, oltaneta inachemka hadi inaungua. Aweke chaja ya kati ya betri na betri, ya ampea 20 au 30, na fyuzi karibu kabisa na kila betri.

Mzee Gerezani
Marahaba. Hapo kwenye uzito umenishinda.

Basi niongezee la kwangu. Mwalimu, nyaya za zamani zing'oe zote, usibakize hata moja "itakayofaa baadaye". King'ora na taa za kumulika toa, na maandishi yale ya kinyumenyume ya mbele futa, trafiki hatakuelewa. Ukibadili rangi, nenda TRA (mamlaka ya mapato) kadi ya gari isomeke hivyo, na bima wajue. Bomba za oksijeni usizipitishie gesi ya kupikia hata fundi akikuapia. Mtungi wa kilo 6 uweke kwenye kisanduku chake chenye tundu chini linalotoka nje, kwa sababu gesi ile ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kukusubiri uwashe kiberiti.

BintiRungwe
Maji: watu wawili, lita kumi kila mmoja kwa siku, lita 60 ni siku tatu. Hizo ni kilo 60, tangi likae chini katikati ya magurudumu, si juu ya paa. Matuta ya barabarani na gari lenye mzigo kichwani haviendani. Na Kitulo ni baridi kweli, beba mablanketi, msitegemee mapenzi.

DerevaMstaafu
Nimeendesha gari la wagonjwa miaka tisa. Usafi kwanza: toa kila kitu, osha kwa sabuni, kisha maji ya klorini, fungua milango siku mbili. Chini ya reli za machela kuna mfereji, humo ndimo uchafu hujificha. Reli zenyewe usitupe, ukiziwekea ubao zinakuwa droo ya jiko ya kuvuta nje.

Kuhusu shemeji. Ni kweli, wapo waliotutoka njiani. Ila mwambie humo huwa wanazaliwa pia. Mimi mara mbili nimesimama porini, nesi akafanya kazi yake nyuma, tukafika hospitali tumezidi mmoja.

MwalimuChaki
Asanteni sana wote. Nimeacha kuwaza paneli, Jumamosi naanza na klorini.

Mkuu DerevaMstaafu, nimemsomea ujumbe wako. Amenyamaza muda mrefu, kisha akauliza: hao watoto walikuwa wa kike au wa kiume?

DerevaMstaafu
Wa kwanza wa kike. Wa pili sikuuliza, tulikuwa na pancha, nilikuwa natafuta jeki.