Mrejesho: yule koboldi kwenye kampeni yetu (hadithi ndefu tunayoicheza)

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kama nimruhusu binamu yangu acheze koboldi (kiumbe mdogo wa kubuni anayefanana na mjusi, mwenye asili ya joka) kwenye meza yetu ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi kwa kurusha dadu, hapa Sinza, wakati wahusika wa wenzake wote ni binadamu. Nilimruhusu.

Mlinishauri niache kanuni za koboldi za 2016 nitumie za 2022. Mlikuwa sahihi kabisa. Zile za zamani zilimkata pointi 2 za nguvu, na kwenye jua kila shambulio alirusha dadu mara mbili akachukua namba ndogo. Mchana wote mtoto wa watu angeteseka! Sasa ana ukelele wa joka: akiupiga, maadui walio ndani ya futi 10 wanaosikia wanakuwa rahisi kushambuliwa, na wenzake wote wanafaidika.

Ila kilichonigusa ni kijiji cha kwenye hadithi. Mimi kama msimulizi nilipanga wanakijiji wamfukuze kwa mawe, mkanikataza. Basi nikaweka kisima kilichoporomoka, na koboldi ni wachimbaji hodari. Akashuka, akamtoa mtoto aliyenaswa humo. Mama mwenye nyumba akampa bakuli la uji bila kumwangalia usoni. Meza nzima ilinyamaza.

Jumamosi tunaendelea. Dada yake binamu naye anataka kucheza gobilini, kiumbe mwingine mdogo wa mchezo huu.