Tupeane uzoefu: madai ya vibarua wa tumbaku Tabora, wa Kigoma na wa Burundi

Mwanzisha uzi
Wakuu, masoko ya tumbaku yanakaribia. Kuna vibarua wa Kaliua, Urambo na Sikonge ambao baada ya soko hutoka mikono mitupu. Mliowahi kushughulikia madai haya, tupeni hatua. Visa vya kusikitisha tunavijua.

Mzee wa Mabani
Makubaliano ni ya mdomo, "mpaka soko", yaani malipo tumbaku ikiuzwa. Soko likifika, unga, dawa na nauli ya kutoka Kasulu vinakatwa hadi hesabu inaisha. Kibarua anakata tamaa eti hana mkataba. Asikate. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi. Akishindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha kilichokubaliwa ni wake. Makato yasiyo na sheria wala ridhaa ya maandishi ni batili.

Daftari dogo linatosha: tarehe, kazi (kupalilia, kuchuma, kukesha na moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku), alichopewa, alichokatwa. Meseji za msimamizi na miamala ya simu asifute. Kukesha bani kuhesabiwe peke yake: saa za kati ya saa 2 usiku na saa 12 alfajiri zina nyongeza isiyopungua asilimia 5, na zinazozidi saa 45 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu.

Kisha fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Madai ya ujira yana siku 60 tangu mgogoro uanze, kuachishwa kazi isivyo halali siku 30. Kesi zinakoharibikia: mtu anaandika "nadai haki zangu" bila kiasi, au anamshtaki msimamizi badala ya mwenye shamba. Na nakala lazima imfikie mdaiwa, mbaki na ushahidi kwamba ameipokea.

Muha wa Buhigwe
Kwa Mrundi aliyepita mpaka wa Manyovu bila kibali cha kazi, njia hiyo ina shimo. Mahakama zetu zimewahi kukataa kutekeleza mikataba ya wageni wasio na kibali. Wengi hukimbilia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1990 wa wafanyakazi wahamiaji. Ibara ya 25 inasema wazi kwamba kukosa vibali hakumwondolei mtu haki ya ujira, lakini Tanzania haijauridhia. Utajeni kama hoja ya kusindikiza tu. Nguzo ziwe zile zinazotufunga: Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 95 wa kulinda ujira, na Ibara ya 15 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, inayotaka kazi sawa ilipwe sawa kwa kila mtu, si raia peke yake.

Kaliua Mjini
Umemaliza, ila ongeza hili. Bosi akishikilia kitambulisho, akazuia ujira na kumfunga mtu kwa deni la nauli, hivyo vitatu vyote vimo katika viashiria 11 vya ILO vya kazi ya shuruti. Nendeni polisi kwa Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008. Jinai haisubiri kibali cha kazi.

Mzee wa Mabani
Na fanyeni kabla bosi hajawapigia Uhamiaji. Simu hiyo hupigwa wiki ya malipo. Nakala ya daftari ibaki kwa ndugu aliye nje ya shamba, maana mtu akibebwa usiku, daftari hubaki kambini.