MREJESHO: Leseni ya udereva baada ya miaka 70, Uingereza

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama nikitimiza miaka 70 hapa Uingereza nitarudishwa kwenye mtihani wa udereva. Hakuna mtihani. Unaomba upya DVLA (mamlaka ya leseni za udereva huku) kila baada ya miaka 3, unaeleza mwenyewe hali ya afya na macho yako, na ni bure. Narudia, bure, maana nusura tovuti moja ya madalali inikamue!

Macho ndiyo yalinitia kiwewe. Sharti ni kusoma namba ya gari ukiwa mita 20. Mjukuu akanipimia hatua mtaani. Bila miwani, B nikaiita 8. Kwa miwani nikasoma zote. Kadi imeshafika. Picha wamechukua ile ya pasipoti, nimenuna kama nadaiwa.