G-Wagen yangu inacheza barabarani: ni ugonjwa au ndivyo ilivyo?

BabaNeema_Kimara
Habari za jioni wakuu. Najua kuna watakaosema haya ni matatizo ya wenye nazo. Chekeni, mkimaliza mnisaidie.

Miezi mitatu iliyopita nilipokea G-Wagen ya Mercedes, G500 ya 2006, mtumba wa Japan. Hilo gari nimelitamani tangu sijaota ndevu. Ndani ngozi, mbao, viti vya umeme. Nikajua sasa nitaelea. Sielei.

Kwanza usukani. Nikifika 90 lazima niwe nausahihisha kidogo kidogo, kulia, kushoto, kama napiga kasia. Basi likija kunipita linanisukuma, likishapita linanivuta. Halafu rasta, vile vituta vidogo vya kufuatana. Za barabara ya Morogoro zote nazijua sasa, maana meno yanagongana. Nikipanda tuta kwa tairi la upande mmoja, gari zima linatikisa kichwa.

Wiki iliyopita tulikwenda Dodoma na mama mkwe, nikamkalisha nyuma kwa heshima. Kufika Gairo akaomba tusimame. Akashuka, akakaa kwenye jiwe, kanga begani, kimya. Baadaye akaniuliza, "Baba Neema, hili ndilo la bei ile?"

Fundi wa kwanza kasema shokapu zote nne zimekufa. Wa pili kasema shokapu nzima, shida ni bushi, zile raba za kwenye viungo. Wa tatu hata hakulala chini kuangalia: "Mzee, hizi ndivyo zilivyo." Nani mkweli? Tairi ni mpya, nimefunga mwezi huu huu.

Kobe_wa_Mjini
Uza, chukua Land Cruiser V8. Nawasilisha.

Springi_Nne
Mleta uzi, achana na Kobe, kila uzi wa gari jibu lake ni hilo hilo.

Mafundi wako wote wana kaukweli, ila wa tatu ndiye aliyebahatisha zaidi. Hilo ni gari la kazi lililovalishwa suti. Lilianza kutoka kiwandani Graz, Austria, mwaka 1979, na hilo lako la 2006 bado lina mifupa ile ile: chesesi ya ngazi, ekseli ya chuma kimoja mbele na nyingine nyuma. Maana yake tairi la kushoto na la kulia wako kwenye fimbo moja. Mmoja akipanda tuta, mwenzake naye anainama. Huko ndiko kutikisa kichwa, na hakuna shokapu itakayokutoa hapo.

Usukani nao ni wa boksi lenye gololi ndani, si raki, ile fimbo ya meno, kama ya gari dogo la saluni. Pale katikati una ulegevu wa kuzaliwa. Mwaka 2018 ndipo walipobadilisha: mbele kila tairi likapata mikono yake, usukani ukawa wa raki. Nyuma wakaacha ekseli moja vilevile. Kwa hiyo ukipanda la jamaa la 2019, usirudi kulichukia lako. Na basi lazima likusukume, ubavu wake umesimama wima kama kabati.

Ila meno kugongana kwenye rasta SI tabia. Umesema tairi mpya? Kesho asubuhi, kabla hujaliwasha, pima upepo. Usiniambie waliokufungia walikwambia ngapi. Pima.

Kisha mtu akae ndani, injini inanguruma, azungushe usukani kidogo huku na huku. Wewe lala chini utazame kiungo kimoja kimoja. Kinachochelewa kuitikia ndicho mgonjwa. Hapo hapo iangalie shokapu ya usukani, ile iliyolala kwa mbele. Wengi hawajui kama ipo.

Mtoto_wa_Mchangani
Ndugu yangu, mie niko Maskati, huku hizi gari tele. Tukiingia mchangani twashusha upepo mpaka PSI 15 hivi, tukirudi lami twajaza. Siku moja nilisahau kujaza, nikaingia njia kuu, gari likawa laogelea. Upepo mdogo wayumbisha, mwingi wavunja meno. Tena usukani usiukabe. Ushike kama umeshika mkono wa mtoto, tazama mbali, ulegevu ule uache upite. Ukipigana nao utachoka wewe.

Dada_Difloki
Mama mkwe mhamishie mbele jamani. Kule nyuma amekaa karibu juu ya ekseli, kila kitu kinampitia yeye kwanza. Mbele pia kuna ule mshikio kwenye dashibodi. Mimi nilidhani ni urembo mpaka siku tulipopita njia ya Lushoto mvua imenyesha.

Kobe_wa_Mjini
V8 haina haja ya mshikio.

BabaNeema_Kimara
Wakuu, mrejesho.

Nimepima: PSI 46, tairi zote nne! Nikafungua kifuniko cha tenki la mafuta, kibandiko kinasema chini kabisa ya hapo. Nimerudi pale niliponunua tairi, kijana akanionyesha namba ubavuni mwa tairi, "si imeandikwa hapa bosi?" Kumbe kajaza kwa kufuata kikomo cha tairi. Nikashusha mpaka cha kibandiko. Rasta bado nazisikia, lakini meno yametulia.

Nikafanya na ile ya kulala chini, mwanangu kwenye usukani. Tairodi endi ya kushoto, kile kiungo cha usukani karibu na tairi, ilikuwa inachelewa waziwazi, nikaweka kidole nikaisikia ikigonga. Shokapu ya usukani imelowa oili. Nimebadili hivyo viwili, nikapiga alaimenti. Zile shokapu nne sijanunua. Fundi wa kwanza amenuna.

Mabasi bado yananisukuma. Sawa, ni kabati.

Jumapili tunakwenda Bagamoyo, nimemwomba mama mkwe aje, kiti cha mbele. Amekubali, ila amesema anabeba nauli yake ya kurudia.