Peugeot 504 ya marehemu baba: nianze na injini, breki au bodi?

Mwana wa Molo, Nakuru anauliza:

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Familia yetu ina Peugeot 504 yenye safu tatu za viti, iliyoachwa na marehemu baba. Injini ni ya petroli, ya sentimita za ujazo 1,971, na namba yake bado inalingana na ile iliyoandikwa kwenye logbuku. Kwa miaka mingi gari hilo ndilo lililotupeleka shuleni, likabeba viazi kutoka Molo hadi soko la Nakuru, na kila Desemba likatufikisha Kakamega kwa babu, watoto wadogo wakiwa wamebanana katika safu ya nyuma. Tangu baba alipougua limekaa chini ya banda la mabati, na sasa ndugu zangu wamekubali nilishughulikie wakati wa mapumziko yangu, mradi nisiliuze.

Hali yake ni hii. Katika safari ya mwisho lilirudi likiwa limechemka. Pedali ya breki inazama hadi chini. Sakafu ya upande wa dereva imeliwa na kutu kiasi kwamba ukiinua zulia unaona ardhi, ingawa milango inafunga sawasawa na viti havijachanika. Fundi wa kwanza niliyemwita alinishauri niing'oe injini niweke ya Kijapani, kwa madai kwamba spea za Peugeot zimekwisha. Wa pili alitaka tuanze na rangi ili nipate moyo wa kuendelea. Nategemea mshahara wa mwezi, kwa hiyo siwezi kufanya yote kwa pamoja. Naomba ushauri wa watu waliowahi kulishika gari la aina hii: nianze wapi, na je, injini ya asili inafaa kuokolewa? Sitafuti kombe la maonyesho. Nataka mama akae tena kiti cha mbele na tufike Kakamega bila wasiwasi.

Fundi mstaafu, Thika anajibu:

Mwanangu, pole kwa kuondokewa na mzee. Injini hiyo inafaa kuokolewa, na nalisema hilo nikiwa mtu aliyezifumua nyingi wakati Peugeot za abiria zilipokuwa zikikimbia kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu usiku na mchana.

Jambo la kwanza ni kwamba usijaribu kuiwasha. Mwaga petroli yote iliyomo, kwa sababu petroli iliyokaa muda mrefu huacha utomvu unaoziba vijitundu vya kabureta, kisha ufungue tangi utazame kama lina kutu ndani. Ng'oa plagi, tia oili kidogo katika kila silinda, uiache ilowe, halafu uzungushe injini kwa spana taratibu. Ikigoma usiilazimishe, ongeza oili na usubiri. Ikizunguka bila kukwama, badilisha oili na filta, kisha upime mgandamizo wa kila silinda kabla hujanunua spea yoyote, kwa maana kipimo hicho ndicho kitakachokuonyesha kama tatizo ni gasketi ya hedi (kizibio kilicho kati ya bloki na hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda), vali au ringi za pistoni.

Kwa kuwa gari lilichemka, nashuku hedi. Injini hii ina bloki ya chuma cha kusubu na hedi ya alumini, na silinda zake ni slivu, yaani mirija ya chuma inayoweza kutolewa, zinazopachikwa ndani ya bloki zikizungukwa na maji pande zote. Ubora wa mpango huo ni kwamba slivu na pistoni zikilika unabadilisha seti nzima bila kuichonga bloki. Unadai uangalifu wake lakini. Hedi ikishainuliwa, mtu yeyote asiizungushe krenki (mhimili unaosukumwa na pistoni) kabla slivu hazijabanwa kwa bolti na vipande vya chuma, kwa sababu pistoni ikipanda huivuta slivu, sili ya chini ikaachia, na maji yakaanza kuingia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Nimeona injini nzima zikiharibiwa kwa namna hiyo na mafundi hodari wa magari mengine, ambao hawakujua kwamba hii si bloki waliyoizoea. Vilevile, slivu lazima zitokeze kidogo juu ya uso wa bloki kwa kipimo kilichomo katika kitabu cha ufundi, ndipo gasketi ibane. Hedi yenyewe ipelekwe ikapimwe kwa rula iliyonyooka, na ikiwa imepinda iskimiwe, yaani isawazishwe uso kwa mashine, kidogo tu, si kuchongwa ovyo mpaka vali zikaribie pistoni.

Usijaze rejeta maji ya bomba. Alumini na chuma vikikaa pamoja ndani ya maji matupu hulana, na ndiyo sababu ukifungua hedi za magari haya unakuta njia za maji zimetoboka kama jino bovu. Tumia kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini) wakati wote, hata kama Nakuru hakuna barafu, kwa kuwa kazi yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu. Kagua pia feni. Feni ya Peugeot hii hushikwa kwa sumaku ya umeme injini ikipata moto na kuachiwa ikipoa, na umeme wake hupitia kipande kidogo cha kaboni kinacholika polepole. Kaboni ikiisha, gari huenda vizuri kwenye barabara tambarare, kisha likachemka mara tu linapopanda mlima au kukwama kwenye foleni. Huenda baba yako alisumbuliwa na kitu kidogo kiasi hicho.

Mkazi wa Kizingo, Mombasa anajibu:

Ndugu, nakubaliana na mzee kuhusu injini, lakini nakuomba breki zitangulie, hata kabla ya hedi kwenda kwa fundi wa leti (mashine ya kuchonga chuma). Gari lisilowaka halimdhuru mtu. Gari linalowaka bila breki ni hatari kwako na kwa jirani. Pedali inayozama ina maana masta silinda (pampu kuu ya breki) imechoka au kuna mahali panavuja. Badilisha mipira yote ya breki hata kama kwa nje inaonekana mizima, kwa sababu huvimba kwa ndani ikazuia mafuta kurudi, na gurudumu moja likabaki limeshikwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo yamwage yote na uyabadilishe kila baada ya miaka miwili. Kwenye ekseli ya nyuma ya gari lako kuna kifaa kinachopunguza au kuongeza nguvu ya breki kulingana na uzito uliobebwa. Wengi hukiondoa kikikwama. Usikubali, kwa sababu gari la safu tatu za viti likiwa tupu hufunga magurudumu ya nyuma upesi sana penye utelezi.

Kuhusu bodi, huku Pwani tunaijua kutu kuliko watu wa bara, maana chumvi ya bahari haipumziki. Shimo la sakafuni unaliona kwa macho; yanayonitia wasiwasi zaidi ni yale usiyoyaona. Chukua bisibisi yenye ncha butu, ingia chini ya gari, ugonge maboksi ya chuma yaliyo chini ya milango kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu, na kilichooza hutoa mlio mzito kisha bisibisi inazama. Fungua boneti ukague pale juu panapofungwa springi za mbele, ndani ya madigadi, kwa kuwa tope hujikusanya hapo likakaa na unyevu mwaka mzima, na pakiachia gurudumu la mbele halina tena cha kulishikilia. Kagua pia ukingo wa chini wa mlango wa nyuma na sakafu iliyo chini ya gurudumu la akiba.

Fundi bodi akikuambia atajaza puti (lipu ya kuziba mashimo), mshukuru uende kwa mwingine. Chuma kilichooza hukatwa mpaka ufikie chuma kinachong'aa, kikachomelewa kipande kipya cha unene uleule, kikapakwa praima pande zote mbili, na mwisho ukapuliza nta au oili nzito ndani ya maboksi kupitia matundu yake. Kabla ya kuchomelea, ondoa betri na tangi la petroli. Matundu ya kutolea maji chini ya milango yasizibwe kwa rangi, maana maji yakikosa pa kutokea kazi yote itaoza upya kutoka ndani. Rangi ni ya mwisho kabisa. Ukiipaka sasa, utakuja kuikata utakapochomelea.

Mkulima, Eldoret anajibu:

Mimi nitakuwa na mawazo tofauti kidogo. Niliweka injini ya Kijapani kwenye pikapu yangu ya 504 na inanifanyia kazi ya shamba bila taabu. Spea zake nazipata duka lolote, hata Jumapili. Kama mtu analihitaji gari kila siku kwa riziki, sioni kosa lolote katika kufanya hivyo, na ningependa mwuliza swali alipime jambo hili kwa mfuko wake, si kwa mapenzi peke yake.

Mwenye 404 na 504, Dar es Salaam anajibu:

Shikamooni wakubwa mliotangulia. Ndugu wa Eldoret ana hoja kwa gari la shamba, na siwezi kumlaumu. Kwa gari la kumbukumbu la familia naona mambo ni mengine, tena kwa sababu za kiufundi. Shafti ya 504 yako haining'inii wazi kama ya magari mengi; imo ndani ya bomba linaloiunga gia na ekseli ya nyuma, na bomba hilo ni sehemu ya kuishikilia ekseli. Ukileta injini pamoja na gia yake ngeni, italazimu bomba likatwe na ekseli itafutiwe namna nyingine ya kushikwa. Hapo unakuwa umeanza kuunda gari jipya lenye tabia usizozijua. Isitoshe, injini ikibadilika, kumbukumbu za usajili nazo lazima zibadilishwe, wakati zako bado zinalingana.

Madai kwamba spea zimekwisha si kweli. 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968, ikawa Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969, na hata baada ya Wafaransa kuacha kuitengeneza kwao iliendelea kuunganishwa Afrika, Kenya na Nigeria zikiwamo, kwa miaka mingi. Kwa hiyo spea zipo, ila lazima uzitafute kwa subira: Kirinyaga Road kwenu Nairobi, Gerezani huku Dar, na kwa wazee wenye gereji za zamani ambao stoo zao hazijafunguliwa muda mrefu. Nenda na spea ya zamani mkononi, usiende na jina lake peke yake. Gari lako lina nafasi ya mita 2.90 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, ilhali 504 ya saluni, ile yenye safu mbili za viti, ina mita 2.74, na saluni nyingi zina springi za nyuma zinazojitegemea kila upande wakati wewe una ekseli nzima yenye springi nne. Spea nyingi za injini na za mbele zinaingiliana. Za nyuma usinunue kwa kuambiwa, linganisha kwanza.

Watu wa rika langu tunayapenda magari haya kwa sababu tuliyaona yakipita kwenye matope ya Safari Rally. Bert Shankland na Chris Rothwell wa hapa Tanzania walishinda kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na tena 1967, na 504 ikashinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, kisha 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Springi zake ndefu na laini ndizo zilizolifanya gari livumilie barabara zetu, na ndizo utakazozipoteza ukifunga springi ngumu za kuokoteza. Kwa hiyo ukibadilisha shokabsoba, tafuta zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo.

Kuhusu petroli usihofu sana. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu kufikia Januari 2006, na wako wanaodai injini za zamani haziwezi kuishi bila madini hayo ya risasi, eti vali zitalika. Hedi ya alumini huwa na viti vya vali (pete ambazo vali hufungia) vya chuma kigumu vilivyopachikwa, kwa hiyo kwa mwendo wa kawaida hupati shida. Endelea tu kupima nafasi za vali kila unapofanya sevisi.

Jambo moja la karatasi: kama logbuku bado ina jina la marehemu, shughulikieni mirathi mapema. Bila hati ya usimamizi iliyothibitishwa na mahakama huwezi kulihamisha gari kwa jina lako, na ni vibaya kumwaga fedha ndani ya mali ambayo kesho mmoja wa jamaa anaweza kuidai.

Mwana wa Molo, Nakuru anaandika tena:

Nawashukuru kwa moyo wote. Suala la mirathi tumeshalifikisha mahakamani, kwa hiyo mzee wa Dar asiwe na shaka. Nimefuata maelekezo ya kulowesha silinda, na injini imezunguka kwa spana bila kukwama. Mgandamizo wa silinda ya kwanza na ya nne unakaribiana, lakini ya pili na ya tatu iko chini sana, na zote mbili karibu sawa. Oili ni nyeusi, haina dalili ya maji. Kaboni ya feni niliyoelekezwa na fundi wa Thika imelika mpaka kwenye kishikilio chake. Je, bado ni lazima niinue hedi?

Fundi mstaafu, Thika anajibu:

Ndiyo, mwanangu, iinue. Silinda mbili zinazopakana zikishuka pamoja kiasi hicho, kwa kawaida gasketi imeungua kati yao, na kwa gari lililochemka kwa sababu ya feni hilo halinishangazi. Habari njema ni kwamba oili haina maji, maana yake huenda sili za slivu bado ni nzima, basi zilinde. Legeza bolti za hedi injini ikiwa baridi, hatua kwa hatua, ukizungukia kutoka pembeni kuelekea katikati. Hedi usiivute moja kwa moja kwenda juu, kwa kuwa itazing'oa slivu pamoja nayo. Itingishe kwanza kwa upande mpaka gasketi iachie, ndipo uiinue. Mara tu ikitoka, bana slivu zote nne kabla hujafanya lolote lingine. Wakati hedi iko kwa fundi wa leti, tumia mwezi huo kufanya breki kama alivyoshauri ndugu wa Mombasa, na utafute thamostati mpya, mipira ya rejeta na kaboni ya feni. Ukishaifunga, ukaze bolti kwa spana ya kipimo kwa mpangilio wa kitabu, uiwashe ipate moto, uiache ipoe kabisa, kisha ukaze tena na upime vali upya. Fundi wa leti akimaliza, tuwekee hapa picha ya uso wa hedi kabla hujairudisha, nipate kuona kati ya silinda ya pili na ya tatu.