Ukomo wa ubunge: ile hoja iliishia wapi?

Kijana_wa_Kibirizi: Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Rais mwisho vipindi viwili, mbunge anagombea mpaka meno yamwishe. Rasimu ya katiba mpya ya 2013, ile ya tume ya Jaji Warioba, ilitaka ubunge uwe na ukomo wa vipindi vitatu, na wapiga kura waweze kumwondoa mbunge kabla ya muda. Nani alivifuta vifungu hivyo?

Mzee wa Ujiji: Bunge Maalumu la Katiba la 2014, kijana. Na mle ndani wabunge ndio walikuwa wengi. Ulitaka wajifukuze?

MamaDagaa: Mie ukomo haunisumbui. Nataka kujua nani analipa. Kampeni zikianza, hapa mwaloni tunagawiwa khanga na hela ya mafuta ya boti. Tajiri aliyezitoa hadai siku ile, anadai kwenye zabuni. Mahakama Kuu ilibatilisha takrima, yaani huo ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, 2006, Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikaja 2010, khanga hazijakoma. Ninazo mbili, navaa nikianika dagaa.

Kijana_wa_Kibirizi: Shikamoo mama. Kwa hiyo kura ulimpa mgombea wa khanga?

MamaDagaa: Marahaba. Kura ni siri. Hiyo rasimu naipata wapi niisome?